Kaburi la Mguu

Magazetini wanaita mgogoro. Mgogoro wa ardhi, mgogoro wa wakulima na wafugaji, kama vile watu wamekaa mezani wanabishania mpaka kwa rula. Mimi nilikuwa nasimama kwenye meza nyingine, ile ya upasuaji, hospitali ya Kilosa, nikimpa daktari mkasi na kupokea vitambaa vilivyolowa, na sijawahi kuona mgogoro ukitoboa utumbo wa mtu. Nimeona mkuki ukitoboa. Nimeona panga, rungu na mshale. Hakuletwa kwetu hata askari mmoja mwenye sare. Walioletwa walikuwa na matope ya mpunga miguuni au harufu ya maziwa nguoni. Kwa Kiswahili nilichofundishwa shuleni hiyo inaitwa vita, na wanaoumia humo ni raia.

Watu hupenda kusema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Msemo mzuri, lakini si wa kwetu. Tembo wetu wako Mikumi hifadhini, wananenepa, wanalindwa na watu wenye bunduki. Huku bondeni ni nyasi kwa nyasi.

Nilizaliwa Magomeni, Kilosa mjini. Babu mzaa baba alikuja kukata mkonge, babu mzaa mama alikuja kutandika reli. Watu wa aina yetu hatuna shamba la mababu. Babu yangu kazikwa huko mkongeni pamoja na wenzake, na hakuna mtu aliyewahi kutupa hata tuta moja kwa sababu ya kaburi lake. Nalisema hili mapema ili lieleweke: mtu akianza kunihubiria habari ya makaburi na ardhi, huwa nakasirika kabla hajamaliza sentensi.

Wengi wa majeruhi walikuja kiangazi. Majani yakikauka huko juu, ng'ombe hushuka bondeni upande wa Tindiga kutafuta maji na malisho, na hapo ndipo mpunga unakuwa haujavunwa wote. Ng'ombe hajui mpunga wa mtu. Mwenye mpunga naye hajui kwamba yule ng'ombe ndiye karo ya mtoto wa mwenzake. Wanakutana alfajiri kwenye umande, na kufika mchana sisi tunachemsha vyombo vya upasuaji.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, aliletwa mama mmoja kutoka kijiji cha huko bondeni. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi, mwenye mikono ya kazi. Alikuwa amekwenda kuangalia mpunga wake akakuta ng'ombe wamo ndani. Akawacharaza kwa fimbo. Mkuki ulimjia kutoka nyuma, ukapita kwenye nyama ya mguu wa kulia, chini ya goti. Mama hakumwona vizuri aliyemchoma. Aliona shuka tu, na kijana anakimbia.

Mume wake ndiye aliyemleta. Alikuwa mwembamba, mrefu, kazi yake kubeba magunia ya mpunga kwa baiskeli kupeleka mashineni kukobolewa, kwa hiyo alimpakia mkewe kama alivyozoea kupakia. Alimkalisha kwenye keria, akasukuma baiskeli kwenye tope hadi barabarani. Huko wakasubiri, wakasubiri, mpaka lori la mahindi lilipowaonea huruma likawapakia na baiskeli yao. Walipofika kwetu jua lilikuwa limeshaegemea.

Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia, shati lote limeganda damu. Ndipo akavuta pumzi, akanionyesha mguu wa mkewe. "Nimemfunga mwenyewe. Mzigo wangu haujawahi kulegea."

Alikuwa amemfunga kwa mpira wa baiskeli. Kila mtu wa huko anaujua: tyubu ya ndani iliyochakaa, inapasuliwa urefu, inakuwa kamba nyeusi ya kuvuta. Gunia likifungwa kwa mpira huo unaweza kuangusha baiskeli mtaroni na gunia lisisogee. Aliuzungusha juu kidogo ya goti la mama yule, akauvuta kwa uzito wake wote, akapiga fundo lake la mizigo. Damu ilikata palepale. Njia nzima hakuna aliyethubutu kuulegeza. Nani aulegeze? Wote waliona damu imesimama, wakamshukuru Mungu.

Nikaugusa mguu. Ulikuwa wa baridi. Chini ya mpira ngozi ilikuwa imegeuka rangi, vidole vimekakamaa. Nikamfinya kidole gumba kwa nguvu, nikamtazama usoni.

"Mama, unasikia?"

"Nini?"

Nilikwenda kumwita daktari.

Daktari wetu alikuwa kijana, mtu wa maneno machache, aliyejifunza kupasua haraka kwa sababu majeruhi hawakumngoja ajifunze taratibu. Aliutazama ule mpira kwa muda. Mimi nilikuwa nimeshashika mkasi.

"Usiukate," akasema. "Nyama imeshakufa. Ukiufungua sasa, sumu yote inakimbilia moyoni. Tutakata juu ya mpira."

Mama alichomwa sindano ya mgongo. Sindano ile inalaza kiuno na miguu, lakini mtu mwenyewe yuko macho. Tukamwekea pazia la kitambaa kifuani asione. Nimesikia watu wakisema sauti ya msumeno ndiyo mbaya. Mimi iliyonitesa ni sauti ya mama yule, ambaye muda wote aliuliza mambo ya nyumbani: kama mumewe amekula, kama baiskeli imewekwa pazuri. Mguu ulipotoka, na mpira wake ukiwa bado umeung'ang'ania, nikauweka meza ya pembeni. Daktari alipomaliza kushona akaja akaupasua pale mkuki ulipopita, kuangalia. Akatikisa kichwa.

"Mshipa mkubwa mzima," akasema. "Mkuki umepita kwenye nyama tu. Tungeshona, angetembea. Ni huu mpira."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesahau kwamba pazia si ukuta. Nyuma ya kitambaa maswali ya nyumbani yakakoma. Nikainama nikamtazama. Alikuwa anatazama taa.

"Mwanangu," akaniambia polepole. "Asijue baba watoto."

"Mama, mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa inatosha. Amenisukuma tangu alfajiri, hajanywa hata maji. Usimpe hilo alibebe."

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nilifundishwa hivyo na nimeishi hivyo, na anayetaka kunilaumu aje akae kwenye kigoda cha chumba cha upasuaji, amwambie mtu aliyekatwa mguu sasa hivi kwamba hana haki hata ya neno lake. Sikusema. Daktari naye hakuulizwa, naye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa.

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi ovyo. Hospitali kuna shimo lake, lakini ndugu wengi huja kukichukua wakakizike nyumbani, maana wanaamini mwenyewe atakihitaji siku ya kufufuliwa. Nikauosha ule mguu. Fundo la mpira halikufunguka. Nilijaribu kwa vidole, nikajaribu kwa koleo, mwisho nikaukata kwa mkasi. Mguu nikauviringisha kwenye kanga yake moja, nikatoka nje kumkabidhi mumewe. Akaupokea kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka bila sauti, na mimi nikamwonea huruma kabisa, huruma ya kweli.

Kisha akasema, "Naomba na mpira wangu."

Nikarudi ndani nikauchukua. Alipouona akakunja uso.

"Mmeukata!"

"Fundo lilikataa, baba."

Akapoa kidogo. Naona hata pale alijivunia kwamba fundo lake lilikataa. Akaunganisha vipande viwili kwa kifundo kidogo kigumu, akauweka mguu wa mkewe kwenye keria, akaufunga kwa mpira uleule, akautikisa kuhakikisha haulegei. Akapanda baiskeli akaondoka. Nilisimama mlangoni mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeona jini.

Sasa nifafanue habari ya shamba, maana hapo ndipo kisa kilipo. Shamba lile la mpunga halikuwa la mume. Lilikuwa la mama. Watu wa asili wa vilima vya Kilosa hufuata upande wa mama. Shamba alipewa na mama yake, ambaye alipewa na mama yake. Mume alikuja kuoa tu. Lakini hakuna karatasi. Shamba lile lilikuwa mpakani, pale ambapo wafugaji wanasema ni njia ya mifugo tangu zamani na wakulima wanasema ni mashamba tangu zamani, na huko kwetu ukikosa karatasi unaulizwa jambo moja: nani wako kazikwa pale? Kaburi ndiyo hati.

Kwa bahati mbaya bibi zake mama yule walizikwa kanisani, vilimani. Shambani hapakuwa na kaburi.

Mume akauzika mguu shambani.

Hilo peke yake ningelielewa. Lakini aliyenisimulia, jirani yao aliyekuja kumwangalia mama wodini, alinieleza na ukubwa wa kaburi. Alichimba urefu wa mtu mzima. Mguu mmoja, kaburi la mtu mzima, tuta limeinuliwa vizuri, mawe pembeni, msalaba wa mbao kichwani. Watu wakaja kulia. Wakaimba. Na mtu akishalia kaburini hawezi kurudi nyumbani hivihivi. Vijana wakaanza kusema mguu kwa mguu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, bodaboda aliingia kwa kasi mpaka karibu na ngazi zetu.

"Oya nesi, huko kimenuka!" akapiga kelele. "Wamevamia boma la wafugaji. Wanalipiza mguu wa yule mama!"

Nyuma yake walikaa wanawake wawili, wamebanana, wa nyuma amemkumbatia wa katikati. Wa katikati alikuwa amekatwa panga mkononi, chini ya kiwiko. Alikuwa mwanamke mdogo, shanga zake zimejaa damu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Aliyemshika alikuwa mke mwenzake. Hakuwa amemfunga kamba. Alikuwa amekandamiza kidonda kwa kipande cha shuka na kiganja, na njia nzima hakukiondoa. Tulipotaka kumtoa mkono ili tuone, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi nimkunjue kimoja kimoja. Lakini mkono wa mwenzake ulikuwa wa moto. Nikafinya kidole, akaruka, akanitukana kwa lugha yao. Sijawahi kufurahia tusi kiasi kile.

Tukashona. Mkono ukabaki.

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, tukamlaza kitanda cha pembeni ya mama wa mguu. Mwingine angesema tulikosa akili. Tulikosa vitanda. Mama alimtazama yule mwanamke siku nzima. Jioni nilipokuja kubadilisha bandeji akanishika gauni.

"Huyu ndiye mwenye mkuki?"

"Huyu ni mwenye mkono," nikasema, nami nilikuwa nimechoka na hasira zimenijaa. "Mwenye mkuki hata wewe hukumwona. Huyu alikuwa anakamua ng'ombe. Wamemkata kwa ajili ya mguu wako."

Akaniachia gauni. Halafu akasema, "Nilimfunika mume wangu, kumbe nimemfunua huyu."

"Bado unaweza kusema, mama. Sema kwamba ulikuwa mpira. Sema mkuki ulipita kwenye nyama tu."

"Nikisema hivyo, huyu atarudishiwa nini?"

"Atakayefuata hatakatwa."

Akafikiri. Nakumbuka alivyofikiri, anakunja pindo la shuka kwa vidole. "Watamcheka mpaka kufa," akasema mwisho. "Mwanamume aliyemuua mkewe mguu kwa fundo lake. Na shamba je? Wakisikia si mkuki, watasema kaburi lile la nini? Baraza la ardhi la kijiji linakaa wiki ijayo. Shamba la mama yangu litakwenda." Akageukia ukutani.

Mwanamke wa mkono hakuelewa mazungumzo yetu. Alipoletewa maziwa na mke mwenzake, alimmiminia mama kikombe, kwa sababu kitanda kilikuwa karibu na kwao mtu hanywi peke yake. Mama akakipokea. Alikishika mpaka maziwa yakapoa, ndipo akayanywa.

Baraza likakaa yeye akiwa bado wodini. Tulisikia kwamba shamba limeokoka, na mama akalia kwa furaha, nami nikafurahi naye, mjinga mimi. Akapewa magongo mawili ya mbao, akaenda nyumbani. Vita ikaendelea bila yeye. Walikuja wengine, wa pande zote, nikakaa pale meza ya upasuaji mpaka siku moja nikauweka mkasi mezani nikatoka nje. Nikaomba uhamisho.

Sasa nipo Mikumi. Nafunga vidonda vya ajali za barabara kuu, vya watu waliogongana na malori, na nashukuru, maana lori halina kinyongo. Nilikuwa nimehamia muda si mrefu nilipokwenda pale mabasi yanaposimama kununua karanga, nikasikia naitwa, "Mwanangu!" Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, magongo yamelala chini, sinia la karanga na mayai ya kuchemsha mapajani. Paja moja na nusu.

"Shikamoo mama. Unafanya nini huku?"

"Marahaba. Si unaona? Nauza mayai."

Basi likaingia, wenzake wote wakakimbilia madirishani na masinia kichwani. Yeye akabaki amekaa. Wanaoshuka kujinyoosha miguu ndio wateja wake, akaniambia, na akacheka kwa jinsi alivyolisema.

Kisa alinisimulia kidogo kidogo, maana nilianza kwenda pale kila nikitoka kazini. Barazani mume ndiye aliyesimama kutoa ushahidi. Waliuliza, nani kazika? Akasema mimi. Mpangaji wa kaburi, mwenye mguu, hakuulizwa, alikuwa Kilosa anabadilishwa bandeji. Na kwa kuwa aliyezika ndiye mwenye kaburi, na mwenye kaburi ndiye mwenye shamba, wakaandika jina la mume. Shamba la mama wa mama yake. Msimu uliofuata mpunga ukataka kupandwa, na mpunga hupandwa kwa kuinama kwenye tope, na gongo kwenye tope linazama. Mume akaeleza kwa upole kwamba shamba linataka miguu. Akaoa mwenye miguu miwili.

"Na wewe ukanyamaza!" nilimwambia. Wauza mahindi waligeuka kututazama. "Asante ya punda mateke. Ungemwambia! Siku ileile ungemwambia nani aliyekula mguu wako!"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Siku aliyomleta mke mwenzangu. Nilimwambia yote, alivyosema daktari, mshipa mzima na kila kitu." Akamenya yai, akanipa. "Akaniambia, usirudie maneno hayo, utatuharibia kaburi."

Nilikula lile yai.

Mume huwa anamletea mchele kila mavuno, si mtu mbaya kiasi hicho, ndivyo mama anavyosema, na mimi huwa nang'ata ulimi. Majuzi nilikuwa pale basi dogo la Kilosa liliposimama, konda akashusha kiroba, akakiweka mbele yake. "Mzigo wako huu, mama, umetoka kwa mzee." Kilikuwa kimefungwa kwa mpira mweusi wa baiskeli, umezungushwa na kuvutwa mpaka kiroba kimekuwa na kiuno. Kando ya fundo kubwa kulikuwa na kifundo kingine kidogo, kigumu, cha kuunganishia vipande viwili.

Nilikijua. Mama naye aliona kwamba nimekijua.

Nikainama kufungua. Fundo likakataa, kama siku ile. Nilivuta mpaka kucha ikakatika. Mama akachukua kisu chake cha kukatia kachumbari ya mayai, akanigeuzia mpini.

"Kata, mwanangu," akasema. "Safari hii usingoje kitu kife."